Chatini ya Ukwaju Nairobi: Cha Kununua, cha Kuacha Rafuni na Namna ya Kuipika

Chupa ya chatini ya ukwaju iliyo tayari haistahili pesa ya mtu mwenye jiko na saa moja na nusu ya nafasi. Hukumu hiyo tunaitanguliza kwa kuwa ndilo swali linalomsimamisha mtu mbele ya rafu katika maduka ya viungo ya Ngara na Parklands: achukue chupa aondoke, au anunue ukwaju, sukari nguru na tende akajipikie? Ajipikie. Ila asinunue ukwaju wowote tu, wala sukari nguru yoyote, kwa maana chatini hii huharibikia dukani kabla haijafika jikoni.

Kwanza chupa yenyewe. Igeuze usome lebo. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kwenye chupa nyingi za bei ya chini utakuta maji na sukari mbele, wanga wa mahindi nyuma yake, ndipo ukwaju ufuate. Kisha zinakuja herufi na nambari: E260 ni asidi ya siki, E330 ni asidi ya limau, E211 ni ya kuzuia ukungu, E150 ni rangi ya karameli. Hakuna sumu hapo. Lawama yetu ni ya ladha. Asidi ya siki hugeuka mvuke upesi, kwa hiyo hupanda puani ikapotea. Asidi ya tartari, ambayo ndiyo ya ukwaju, haigeuki mvuke. Hutulia ulimini na kukaa pale, ndiyo maana ugwadu wa ukwaju halisi huufanya mdomo utoe mate hata baada ya kumeza. Wanga nao hufunika ulimi kama uji, na chini ya ufuniko huo pilipili na jira hazisikiki.

Kama ni lazima ununue chupa, tafuta ile ambayo ukwaju au tende zimetajwa kabla ya wanga, au isiyo na wanga kabisa. Zipo, na bei yake huwa juu kidogo. Faida ya chupa ni moja: huja na ladha ile ile kila mara, na ikifunguliwa hukaa kwenye friji muda mrefu kuliko ya nyumbani. Mwenye kibanda cha bhajia anayechovya tangu asubuhi hadi usiku anaweza kuihitaji. Familia haiihitaji.

Ukwaju, hapa ndipo penye kazi

Ukwaju unapatikana Nairobi kwa sura tatu: wa kupima kwa kilo, wa bonge lililoshindiliwa, na rojo zito jeusi la chupani. Kila mmoja una tabia yake.

Wa kupima ni ukwaju wetu, kutoka nchi kavu za Kitui, Makueni na Tharaka, na kutoka Pwani. Utaupata kwa wauza viungo na matunda makavu sokoni, na katika soko la City Park ambako mboga na viungo vya mapishi ya Kihindi vina mahali pake. Watu wengi hudhani ukwaju wa chatini ya Kihindi ni lazima utoke India. Sivyo. Mkwaju ni mti wa Afrika tangu asili. Waarabu ndio walioliita tunda lake tamr hindi, yaani tende ya India, na jina la kisayansi, Tamarindus indica, likafuata huko huko. Chatini hii basi inapika tende mbili pamoja, ile ya kweli na ile ya jina.

Ubora wa ukwaju wa kupima ni kwamba bado una harufu ya tunda. Ukiwa mpya, nyama yake ni ya kahawia inayoelekea wekundu, inavutika kidogo kati ya vidole, na inanukia kama embe kavu. Kadiri unavyokaa ghalani ndivyo unavyogeuka mweusi na harufu kufifia. Mweusi haujaoza, lakini chatini yake itakuwa nyeusi kama lami na ladha yake imelala. Ubaya wake ni kwamba hauna kipimo: gunia moja utakuta kwaju tatu kali, mbili tamu, na moja kavu kama gome. Basi onja kabla ya kulipa. Chukua kipande kutoka katikati ya gunia, maana juu huwa pamepangwa, ukiweke chini ya ulimi. Ugwadu ukija mara moja na nyuma yake utamu mdogo, nunua. Ukija ukakasi unaokausha mdomo, ulivunwa kabla haujaiva, acha.

Kama unauzwa ukiwa na maganda, tikisa. Ukwaju ulioiva vizuri huwa nyama yake imejitenga na ganda, kwa hiyo husikika ukigonga ndani, na ganda huvunjika kama la yai kwa kidole. Ganda likikunjika bila kuvunjika, tunda lina maji na litachacha njiani. Pasua mbegu moja au mbili utazame: tundu dogo la mviringo ni la mdudu, na vumbi lake liko ndani ya nyama pia. Harufu ya pombe ina maana tunda limeanza kuchacha, na hakuna kuchemsha kutakakoirudisha nyuma.

Hesabu uzito. Nusu kilo ya ukwaju wenye maganda huacha takriban gramu 200 za nyama, wakati mwingine pungufu. Uliomenywa lakini una mbegu, gramu 350 ndizo zinazotoa gramu 200 hizo hizo. Kwa hiyo usilinganishe bei ya kilo na kilo kati ya wa kupima na wa bonge. Linganisha nyama na nyama. Hata hivyo wa kupima hushinda mara nyingi.

Wa bonge huja kwenye pakiti za gramu 200 hadi 500, umeshindiliwa hadi ukawa kama tofali la sabuni. Mwingi hutoka India na Thailand. Kwenye maduka ya Wagujarati utausikia ukiitwa ambli, na wasemao Kihindi huuita imli. Ni kitu kimoja. Sifa yake ni uthabiti. Ukishajua pakiti fulani ina ukali gani, ya mwezi ujao itakuwa karibu sawa. Pakiti ikiandikwa kwamba haina mbegu, usiamini sana: mbegu tatu nne na nyuzi huwamo daima. Jambo la kuangalia zaidi ni chumvi, kwa sababu baadhi ya mabonge hutiwa chumvi ili yasiharibike. Onja kipande kabla ya kupika na upunguze chumvi ya mapishi. Kwa mtu anayepika mara ya kwanza tunapendekeza bonge. Kwa mwenye mkono uliozoea, wa kupima.

Rojo jeusi la chupani tumelipa nafasi ya mwisho. Limechemshwa hadi maji karibu yote yakaisha, na harufu ya tunda ikaondoka pamoja na maji. Kinachobaki ni ugwadu mtupu wenye mwisho mchungu wa kuungua. Linafaa kijiko kimoja kwenye mchuzi wa samaki au sambari, ule mchuzi wa dengu wa India Kusini, si kubeba chatini nzima. Ukilitumia kwa dharura, kijiko kikubwa 1 hufanya kazi ya takriban vijiko 3 hadi 4 vya rojo la kukamua. Anza na kidogo, onja, ongeza. Tende iongeze kwa theluthi, ipate kurudisha mwili na harufu.

Sukari nguru na tende

Sukari nguru, ambayo kwa Wagujarati ni gol, haina mbadala katika chatini hii. Sukari nyeupe hutoa utamu ulio wazi usio na kitu nyuma yake; nguru huleta ladha ya molasi na madini ambayo hushikana na ugwadu badala ya kupigana nao. Ya kwetu hutengenezwa magharibi, Kakamega na Kisii na kwingineko kulikopandwa miwa, kwa kuchemsha maji ya miwa kwenye masufuria mapana ya wazi. Ina ladha nzito kuliko ile ya pakiti iliyoagizwa nje, na kwa chatini tunaipenda zaidi. Shida yake ni uchafu: nyuzi za miwa, mchanga, wakati mwingine jivu. Usiitupe sufuriani ikiwa bonge. Iyeyushe peke yake kwa maji kidogo, ichuje kwa kitambaa, kisha iache itulie dakika tano na umimine taratibu ukiacha mashapo chini.

Chagua bonge gumu, la kahawia, lisilotoa jasho. Likiwa limelowa na kunata limenyonya unyevu, na huwa linaelekea kuchacha. Lenye ncha ya uchungu lilipikwa kupita kiasi. Uchungu huo utaukuta tena kwenye chatini. Nguru nyingine zina chumvichumvi ya asili, sababu nyingine ya kuiacha chumvi ya mapishi hadi mwisho.

Tende chukua za bei ya chini. Eastleigh zimejaa za kila aina, na hakuna haja ya zile kubwa zenye kung'aa za kulia na kahawa. Zinazotakiwa ni laini, zenye kushikana, ambazo zimebanwa pakitini. Zilizokauka sana zinafaa pia, zikilowekwa zaidi. Toa kokwa mwenyewe hata kama pakiti inasema zimetolewa, kwa sababu kokwa moja tu huvunja kisu cha blenda.

Viungo kwa haraka: jira nzima, ambayo ni bizari nyembamba, ukaange na kusaga mwenyewe, tangawizi kavu ya unga, ambayo madukani huitwa sunth, pilipili nyekundu ya unga, ya Kashmiri kama unataka rangi bila moto mwingi, chumvi nyeusi, sanchal, yenye harufu kama ya yai la kuchemsha, na mvuje, hing, ambao hunuka vibaya koponi na vizuri chunguni. Chumvi nyeusi watu huiogopa kwa harufu yake wakaiacha. Kosa. Ndiyo inayofanya chatini ya nyumbani ifanane na ile ya bhel (mchanganyiko wa mchele wa kupuliza) na pani puri (vipuri vya kujazwa maji ya viungo) za Parklands, na hakuna kiungo kingine kinachofanya kazi yake.

Vipimo

Kwa mitungi mitatu ya mililita 300: nyama ya ukwaju gramu 200, tende zisizo na kokwa gramu 200, sukari nguru gramu 250, maji mililita 800 kwa jumla, mbali na yale kidogo ya kuyeyushia nguru, jira ya kukaanga na kusaga vijiko vidogo 2, tangawizi kavu kijiko kidogo 1, pilipili ya unga kijiko kidogo 1, chumvi nyeusi kijiko kidogo 1, chumvi ya kawaida nusu kijiko kidogo, mvuje kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili.

Uwiano huu ni wa Kigujarati, mtamu kuliko mkali. Ukitaka mtindo wa India Kaskazini, nguru ipunguze hadi gramu 200, tende ziwe gramu 100, tangawizi iwe vijiko vidogo 2, na uongeze nusu kijiko kidogo cha shamari iliyosagwa.

Sufuria ni suala zito. Sufuria za alumini, ambazo ndizo zimejaa jikoni mwetu, hazifai hapa. Ugwadu na chumvi hula alumini, chatini ikapata ladha ya sarafu na rangi ya kijivu, na alumini hiyo umeila. Chukua sufuria ya chuma kisichoshika kutu, yenye kina, kwa sababu rojo likishakuwa zito hutema matone yanayochoma mkono. Karai la chuma cheusi nalo hapana: asidi hukutana na chuma chatini ikawa nyeusi tii.

Anza kwa kusafisha ukwaju mkavu, kabla haujagusa maji. Toa vipande vya ganda, mishipa mirefu na mbegu zinazotoka kwa urahisi. Chemsha mililita 500 za maji, mimina juu ya ukwaju, funika. Mililita 200 nyingine za moto zifunike tende kwenye bakuli la pili. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, hivyo vipimo vya muda vilivyoandikwa kwa miji ya chini huwa vifupi kwetu. Loweka dakika 45. Tende ngumu zipe saa nzima.

Sasa ingiza mkono. Vidole ndiyo mashine bora ya kazi hii: sugua, kamua, sikia mbegu ilipo na uiache. Usitie ukwaju wenye mbegu kwenye blenda hata kwa sekunde tano. Ngozi ya mbegu imejaa tanini, na ikivunjika chatini hupata ukakasi unaokausha fizi, usiofunikwa na sukari ya kiasi chochote. Pitisha kwenye chujio la waya lenye matundu ya wastani. Chujio la chai huziba mara moja. Lenye matundu makubwa hupitisha nyuzi. Sukuma kwa mgongo wa kijiko, na ukwangue upande wa chini wa chujio, kwani rojo zito zaidi huning'inia hapo. Makapi yarudishe bakulini, tia mililita 100 zilizobaki, kamua tena uchuje. Mkamuo huu wa pili watu wengi huutupa, nao bado una ugwadu wa kutosha.

Tende zisage kwenye blenda pamoja na maji yake hadi ziwe laini. Ukitaka chatini inayong'aa, zichuje pia. Ukitaka ya kijiko, ziache.

Changanya ukwaju, tende na nguru iliyoyeyushwa na kuchujwa. Kama uliiyeyusha kwa maji mengi, pika dakika chache zaidi. Moto wa wastani mpaka ianze kutokota, kisha punguza. Povu la kahawia litapanda: lienguliwe, kwa kuwa limebeba uchafu uliobaki wa nguru na huacha chatini ikiwa na ukungukungu machoni. Pika dakika 20 hadi 25 ukikoroga kwa mwiko wa mbao, chini kabisa na pembeni. Dakika kumi za mwisho usiondoke. Tende hushika chini haraka, na harufu ya kuungua ikishaingia haitoki.

Tangawizi, pilipili na mvuje huingia katikati ya mapishi, zipate kuiva. Jira na chumvi nyeusi huingia dakika tatu kabla ya kuzima. Jira iliyochemshwa muda mrefu hupoteza harufu iliyoipata kwenye kikaango ikabaki na uchungu. Kuikaanga: kikaango kikavu, moto mdogo, koroga hadi igeuke rangi kidogo na harufu ifike mlangoni, kisha imwage papo hapo kwenye sahani baridi. Ukiiacha kikaangoni baada ya kuzima, itaendelea kuungua kwa joto la chuma.

Kuzima moto kwa wakati ndiyo sehemu inayowashinda wengi. Chatini ikiwa moto huonekana nyepesi, na mtu huendelea kuipika hadi inapopoa inakuwa kama jemu ya kukata kwa kisu. Weka kisahani kwenye friza tangu mwanzo. Dondosha kijiko kidogo juu yake, subiri nusu dakika, pitisha kidole katikati. Njia ya kidole ikibaki wazi kwa sekunde mbili kisha ikafungwa polepole, zima. Ikibaki wazi moja kwa moja, umepitiliza: ongeza vijiko vitatu vya maji ya moto, koroga, ichemke mara moja. Onja chumvi ikishapoa kidogo, maana ulimi uliochomwa haupimi kitu.

Inapokwenda mrama

Ikiwa kali mno, usikimbilie sukari. Ongeza kwanza chumvi, robo kijiko kidogo, kwa sababu chumvi hutuliza ugwadu na kuinua utamu uliomo tayari. Ndipo uongeze nguru gramu 30 kwa wakati mmoja, ikiwa imeyeyushwa. Ikiwa tamu mno, kamua ukwaju kidogo zaidi. Ndimu si mbadala mzuri, inaleta harufu yake yenyewe na kesho yake imefifia.

Uchungu una asili tatu: jira iliyoungua, mbegu iliyovunjika, au nguru iliyopikwa kupita kiasi kiwandani. Wa jira hupungua kidogo chatini ikilala usiku mmoja. Wa mbegu na wa nguru hautoki.

Chatini inayovutika kama bamia imepikwa kwa moto mkali na tende nyingi. Ongeza maji ya moto, chuja, uipashe. Inayotenga maji juu baada ya siku mbili haikuchemka vya kutosha kabla ya kufungwa. Irudishe motoni dakika tano. Na usijaribu kuokoa chatini nyepesi kwa unga wa mahindi: asidi huvunja wanga kadiri siku zinavyopita, na rojo zito la leo litakuwa maji wiki ijayo.

Vipovu vidogo vinavyopanda vyenyewe, kifuniko kinachofyatuka, harufu ya pombe: mwaga. Ukungu hata wa nukta moja: mwaga yote, usikwangue juu tu, kwa kuwa mizizi yake haionekani.

Mitungi ya kioo ichemshe ndani ya maji. Kwenye usawa wa bahari dakika 10 zinatosha. Nairobi weka 15, kwa ile sababu ya maji yetu kuchemka mapema. Jaza chatini ikiwa moto, acha nafasi ya sentimita moja. Vifuniko vya bati hulika na ugwadu na kuacha duara jeusi juu ya chatini. Weka kipande cha karatasi ya kuokea kati ya kifuniko na mdomo wa mtungi. Kwenye friji inakaa wiki tatu hadi nne, mradi kijiko kinachoingia kiwe kikavu kila mara. Kwenye friza, ndani ya trei ya barafu, miezi mitatu bila kupoteza kitu cha maana, na kipande kimoja kinatosha sahani ya samosa nne.

Iache ilale usiku mmoja kabla ya kuila. Siku ya kwanza pilipili na nguru husikika zikiwa mbalimbali. Siku ya pili zimeshikana.

Kama ukwaju wote uliopo sokoni ni mbaya, na huwa hivyo, kuna unga wa embe bichi, amchur, kwenye maduka yale yale. Gramu 40 za unga huo, maji mililita 500, sukari nguru gramu 200 na viungo vile vile, dakika 15 jikoni, na hakuna kuchuja mbegu. Ukoroge kwanza kwenye maji baridi, vinginevyo utafanya madonge. Ladha yake ni nyepesi, ya ncha kali, bila ule uzito wa ukwaju. Kwa bhajia za viazi inapendeza sana, kwa kachori ni dhaifu. Embe bichi zenyewe zikiwa kwa wingi sokoni unaweza kuzikuna na kuzipika na nguru, ila hiyo ni chatini nyingine yenye kanuni zake.

Uzito wa kumimina hutegemea chakula. Kwa samosa na kachori, iache kama ilivyo. Kwa bhel, ambako chatini lazima ishikane na mchele wa kupuliza bila kuulowesha, ipike iwe nzito zaidi kidogo, uimimine dakika ya mwisho. Kwa viazi karai vya Kipwani, izimue kwa maji ya moto nusu kwa nusu, ongeza pilipili na chumvi kidogo, ili ipenye ule unga wa nje wa kiazi. Kwa pani puri, vijiko viwili tu ndani ya lita nzima ya maji ya mnanaa yaliyokwisha kuwa baridi.